Moto Juu ya Maji

Vitabu vya historia tulivyosomea vina mshale mmoja mweusi. Mshale unaanzia Bagamoyo, unapanda Usagara, unakatiza Ugogo kwenye kiu, unapumzika Tabora chini ya miembe, halafu unanyooka mpaka Ujiji na hapo unakatika. Sisi wa Tabora tumeuchora mshale huo tangu shule ya msingi, kwa sababu babu zetu ndio walioukanyaga. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama kilo 30 begani, akamfuata kirangozi na ngoma yake, akafika pwani na kurudi, na aliporudi kwao alihesabiwa mwanamume kamili. Hayo yote ni kweli, wala sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na ncha ya mshale. Kwa nini ikatike Ujiji? Kwani pembe zilikuwa zinaota Ujiji? Pembe nyingi zilitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wale waliotekwa wakauzwa walivushwa maji hayo hayo kabla ya kuanza kutembea kuja kwetu. Kwa hiyo njia haikuishia pale. Ilivua viatu ikaingia majini. Na huko majini, ndugu msomaji, vitabu vyetu vimenyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni.

Makala haya yanahusu kipande hicho cha majini, na ndani yake kitu kimoja tu kilicho kidogo kuliko punje ya mtama: cheche inayoruka kwenye ncha ya plagi ya injini ya boti. Najua baadhi yenu mtasema, huyu naye, tulimtegemea atuletee Mirambo na Isike, anatuletea ufundi wa gereji! Subirini kidogo.

Kwanza lijueni ziwa. Lina urefu wa kama kilomita 670, na kina chake kinafika kama mita 1,470. Ukiacha Ziwa Baikal la Urusi, hakuna ziwa duniani lenye kina kuliko hili. Mtu wa bara akizisoma namba hizi anaona ni sifa ya kujibia mtihani. Kwa mwenye boti ni habari nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba kwenye pwani zenye milima, ukishatoka kidogo tu ufukweni, nanga haifiki chini. Gari likizima njiani linasimama, na abiria wanashuka kununua mihogo ya kuchoma. Boti ikizima haisimami. Inaondoka na upepo, na ule upepo wa kusini wa Mei mpaka Septemba haukuulizi kama ulikuwa na safari ya Burundi au huna.

Mwezi wa Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji wakitokea Kazeh, yaani hapa hapa Tabora. Walikuwa na bunduki, shanga, vitambaa, vipimo vya kupimia nyota, kila kitu. Walichokosa ni chombo cha majini. Speke alivuka ziwa kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu, akarudi mikono mitupu, na mwishowe wote wawili wakaenda Uvira kwa mitumbwi, wakipigiwa makasia na wenyeji waliojua lini waondoke na lini wakae. Mwenye ziwa alikuwa mpiga kasia. Huo ndio ukweli wa kwanza wa maji yale, na wageni waliofuata walihangaika kuupindua.

Wakaanza kubeba vyombo vyao wenyewe. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebeke mabegani mwa wapagazi. Akaizungusha Ziwa Victoria mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka 1876. Mwaka 1883 mmisionari Edward Hore wa London Missionary Society alifikisha Ujiji mashua ya chuma, Morning Star, nayo ikiwa vipande, kutoka Saadani. Hebu fikirini: mashua inatembea nchi kavu, inavuka mito kwa miguu ya watu, miezi mitatu na zaidi, ili siku moja iwekwe majini. Mimi naona hiyo ni hadithi nzuri kuliko ya kukutana kwa Stanley na Livingstone, ambayo tumeshibishwa mpaka basi. Lakini mashua hizo zote zilikwenda kwa kasia na tanga. Hazikuwa na moto.

Moto wa kwanza kuingia ziwani ulikuwa wa kuni. Meli ya mvuke ya wamisionari, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885. Mwaka 1900 Wajerumani wakaleta Hedwig von Wissmann. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu ya reli hiyo likaja lile jitu, Graf von Götzen, lililotengenezwa Papenburg, likafunguliwa, likapakiwa kwenye masanduku 5,000 hivi, likaungwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Masanduku hayo yalipita Tabora. Bibi zetu waliouza maembe stesheni waliiona meli ikipita bila kujua kuwa ni meli.

Sasa, moto wa meli ya mvuke ni moto wa heshima. Unauona. Ukififia unaongeza kuni, unachochea, unasubiri. Ukizimika, kila mtu melini anajua umezimika wapi na kwa nini. Yeyote aliyewahi kupika ugali ana elimu ya kuanzia.

Kisha ukaja moto wa siri. Katikati ya mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo za petroli kutoka kwao mpaka Cape Town, kutoka Cape Town kwa treni mpaka Katanga, na kutoka hapo zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba na matrekta ya mvuke, ng'ombe, na vibarua wa Kiafrika waliokata barabara na kujenga madaraja. Zikateremka kwa mto Lualaba na reli ya Wabelgiji hadi Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, injini mbili za petroli, na mzinga mdogo mbele. Mkuu wa msafara, Spicer-Simson, alizipa majina ya Mimi na Toutou, eti ndivyo Wafaransa wanavyowaita paka na mbwa. Mswahili akisikia boti inaitwa Mimi anacheka kwanza, halafu anauliza: wewe nani?

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya mvuke ya Wajerumani, Kingani, kwa mapigano mafupi sana. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi, ikisaidiana na hiyo Kingani iliyokwisha kubatizwa Fifi, iliizamisha Hedwig von Wissmann. Wanahistoria wa vita wanasimulia mizinga na ushujaa. Mimi naangalia mwendo. Boti ya petroli iliweza kwenda noti 19, yaani kama kilomita 35 kwa saa, na haikuhitaji kuchemsha maji kwanza. Unawasha, unaondoka. Kitu kilichokuwa kinawasha ni cheche.

Na hapo hapo ulikuwepo udhaifu wake. Tazameni kilichotokea kwa Götzen. Wajerumani walipoikimbia Kigoma, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg waliipaka injini grisi kila mahali. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Miaka minane! Injini ikakutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jaribu kulala na injini ya cheche chini ya maji miaka minane. Jaribu miezi minane. Waya wake wa shaba ni mwembamba kama unywele, na ukishaliwa na kutu hakuna grisi itakayoufufua. Hata Liemba ilipobadilishwa injini katika miaka ya 1970 iliwekewa dizeli, na dizeli haina plagi ya cheche. Yenyewe hubana hewa mpaka hewa inachemka kiasi cha kuyawasha mafuta. Meli kubwa imeukwepa ule moto wa siri maisha yake yote. Wanaoishi nao ni watu wadogo wa boti za mbao.

Cheche hiyo ilitoka mbali. Karakana ya Robert Bosch kule Ujerumani ndiyo iliyofungua njia: mwaka 1902 fundi wake, Gottlob Honold, alifaulu kutengeneza sumaku ya kuzalisha umeme wenye nguvu ya kuruka kwenye plagi, bila betri. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini ya kupachika nyuma ya mtumbwi. Hakuwa wa kwanza kuiwaza, ila ndiye aliyeipeleka kwa watu. Baadaye sumaku ikahamia ndani ya lile gurudumu zito la juu, ambalo mafundi wetu wanaliita flaiwili. Waingereza wakawa na Seagull yao, injini ya kamba ya kuzungushia kwa mkono, iliyojulikana sana kwenye pwani za Afrika Mashariki. Wajapani wa Yamaha walitoa ya kwanza mwaka 1960, na injini zao za wavuvi zimeenea mpaka leo. Hivyo ndivyo moto ulioingia ziwani na mizinga ulivyoishia kwenye boti za dagaa na migebuka, na boti za abiria zinazoondoka Kibirizi, Kigoma, kwenda vijiji vya kaskazini ambako barabara ni ndoto.

Niliipanda boti mojawapo. Nilitoka Tabora kwa treni, usingizi wangu wote nikauacha kwenye behewa, na kesho yake mchana nikawa majini na magunia ya unga, mbuzi wawili, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa, na kijana wa mashine ambaye kwa sura tulilingana umri. Injini ilikuwa ya zamani, rangi imebabuka. Iliwaka kwa mvuto wa pili. Baada ya kama nusu saa ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Watu waliacha kuongea wote kwa mara moja, isipokuwa mbuzi. Kijana akavuta kamba mara kumi na zaidi, hakuna. Milima ya pwani ilikuwa karibu, unaweza kuhesabu miti, lakini kamba ya nanga ilipoteremshwa ilikwisha yote na nanga ikawa inaning'inia. Tukaanza kusogea taratibu kuelekea katikati. Mama yule alimfunika mtoto uso.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele akasema bila kugeuka, "Mwanangu, usiivute. Ina joto."

"Mzee, petroli ipo, nimeona."

"Petroli najua ipo. Nakuambia usiivute. Fungua kifuniko ipate upepo, uvute sigara yako mbali huko."

Tukakaa dakika ishirini, labda zaidi. Kisha mzee akasema haya. Kamba ikavutwa, injini ikawaka kana kwamba haijafanya kosa lolote, na tukakimbilia ufukwe wa karibu kabla haijakumbuka tena.

Nilipomwamkia shikamoo ufukweni na kumwuliza alijuaje, aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyechelewa. Kumbe alikuwa fundi wa mashine Kibirizi kwa miaka mingi, alikuwa anakwenda msibani. Siku iliyofuata tulirudi pamoja, na nikakaa kwenye banda lake siku tatu. Niliyoyaona pale nayaandika kwa utaratibu, kwa kuwa ni historia isiyo na kitabu.

Alianza kwa kunifundisha kutilia shaka. Injini ya petroli, alisema, inataka vitu vitatu: mafuta yanayofika, hewa inayobanwa, na cheche inayoruka kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana inakufa, na mtu mwenye haraka hulaumu kile anachokijua. Mwenye pesa anakimbilia kununua plagi, kijana anakimbilia kabureta, mvuvi anasema petroli imechanganywa maji. Fundi haanzi na kulaumu. Anaitoa plagi na kuitazama. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hakuna anayeyawasha, basi shaka inahamia kwenye moto. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, tatizo linaelekea kwenye tenki, mpira wa mafuta au kabureta. Ikiwa nyeusi yenye utando mzito, mwenye boti amezidisha oili, na oili ikiganda kwenye ncha, cheche inapita pembeni kama maji kwenye mfereji uliobomoka.

Halafu anaiangalia cheche yenyewe. Plagi inafungwa kwenye waya wake, chuma chake kinagusishwa vizuri kwenye bodi ya injini, mbali na tundu ilikotoka kwa sababu tundu hilo linatema mvuke wa petroli na mvuke huo unaungua. Kamba inavutwa kwa nguvu. Kwa nguvu kweli, maana sumaku isipozunguka haraka haizalishi kitu. Mtu akivuta kinyonge injini nzima ataiita mbovu. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na inalia tap. Cheche ya njano iliyokonda ni mgonjwa anayetembea: nje ya silinda inaonekana, ndani ya silinda, kwenye hewa iliyobanwa, inashindwa kuruka.

"Mbona siioni?" nilimwuliza mara ya kwanza. Jua la Kigoma lilikuwa utosini.

"Utaionaje juani? Njoo kivulini." Akanivuta chini ya turubai. "Wengi wanatupa koili nzima kwa sababu ya jua."

Kama hakuna cheche kabisa, kazi inaanza, na hapa ndipo nilipoelewa kwamba ufundi na historia ni ndugu. Mzee hakugusa kitu cha gharama kabla ya kumaliza vya bure. Kwanza ule waya wa kuzimia. Injini hizi huzimwa kwa kuupeleka umeme kwenye bodi ili usifike kwenye plagi. Sasa waya huo ukichubuka na kugusa chuma, injini inakuwa imezimwa saa zote bila mtu kuizima. Unauchomoa, unavuta kamba tena. Moto ukirudi umeshapona kwa senti sifuri. Kisha kofia ya plagi, ambayo chumvi ya jasho na unyevu huiharibu kwa ndani. Kisha, kama injini ina silinda mbili, anabadilishana plagi na nyaya za juu na chini ambapo zinafika. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ndiyo mwizi. Ukibaki palepale, mwizi yumo ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba ni chini ya flaiwili. Kuna sumaku zinazozunguka, na zinapoipita koili zinaamsha umeme mdogo kwenye waya mnene wa ndani. Umeme huo unapita kwenye vidomo viwili vya chuma vinavyogusana, ambavyo mafundi wanaviita pointi. Wakati hasa unaotakiwa, mhimili unavitenganisha. Umeme unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakozaa kishindo kwenye waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara: maelfu ya volti, ya kutosha kuruka nafasi ya kama milimita moja kwenye plagi. Nilipoeleweshwa hivyo nilikaa kimya kidogo. Cheche haizaliwi na mguso. Inazaliwa na kuachana.

Pointi ndizo zinazosumbua zaidi kwenye injini ya zamani iliyolala. Unyevu wa ziwa unaziwekea utando usioonekana, na utando huo peke yake unatosha kuua injini nzima. Mzee alizisugua kwa msasa laini sana, akapitisha karatasi safi kati yake kutoa vumbi, akapima mwanya. Kwa injini nyingi za zamani za Kimarekani mwanya ni kama nusu milimita zinapokuwa wazi kabisa. Kila aina ina kipimo chake na asiyekuwa nacho asibahatishe. Kama uso wa pointi umeungua na kuchimbika, shaka inakwenda kwa kondensa, kile kikopo kidogo cha pembeni ambacho kazi yake ni kuumeza ule umeme usirukie kwenye pointi. Ukibadilisha pointi ukaacha kondensa mbovu, utarudi baada ya muda mfupi na pointi zimeungua tena.

Flaiwili yenyewe haitolewi kwa nyundo. Nimeona vijana wanaipiga, na mzee akageuza uso pembeni kama mtu anayeona mtoto anapigwa. Kuna chombo cha kuivutia. Chini yake kuna kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi kinachoishikilia mahali pake, na propela ikigonga jiwe kipande hicho kinaweza kukatika. Hapo utapata ugonjwa wa ajabu: mafuta yapo, cheche ipo ya buluu safi, injini haiwaki, au inakurudishia kamba kwa hasira mpaka kiganja kinauma. Cheche ipo lakini inakuja saa isiyo yake.

Na ile yetu ya majini? Hiyo, alisema, ni koili. Ikiwa baridi inafanya kazi. Ikipata joto, waya ulio na ufa ndani unatanuka, mahali pa kugusana panaachana, au ganda lililopasuka linavujisha umeme kabla haujafika kwenye plagi, na injini inazima. Ikipoa inaungana tena. Ndiyo maana fundi akiipima asubuhi ufukweni anaikuta nzima, mwenye boti anaambiwa mashine yako haina kasoro, na anaondoka nayo kwenda kukwama palepale. Huu ndio ugonjwa ulio hatari kuliko yote kwa sababu haupatikani nchi kavu. Dalili yake ni saa, si sura: imekufa baada ya muda gani, na imefufuka baada ya muda gani. Mzee hakutumia kifaa chochote siku ile. Alikuwa ameihesabu injini tangu tulipoondoka.

Injini mpya hazina pointi. Zina kiboksi kilichofungwa, CDI, kinachofanya kazi ya pointi bila kitu cha kugusana wala kusugua. Haziumwi mara nyingi. Zikiumwa, msasa hausaidii. Inatakiwa mita ya kupimia na namba za kiwanda, au kiboksi kingine cha kubadilishia. Vijana wa Kibirizi wanazipenda na wana haki. Seagull iliacha kutengenezwa mwaka 1996, na Evinrude, jina la yule wa mwaka 1909, lilifungiwa kiwanda mwaka 2020. Kwa mashine hizo kinachobaki ni vipuri vya kutoa kwenye maiti na mtu anayejua kipi bado kina uhai.

Mzee alikuwa na debe la vipuri hivyo. Siku ya tatu, kabla ya treni yangu ya kurudi Tabora, alilimwaga juu ya gunia, akaniletea bandeji nyeupe na kalamu ya wino. Macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, na alikuwa amesikia kuwa mimi ni mwandishi. Yeye alikuwa anashika kipuri, anakigeuza, anasema. Mimi nikawa naandika na kubandika. Tulifanya kama vipuri arobaini mpaka jua likaanguka nyuma ya Kongo. Kwenye ile ya boti yetu, ambayo alikuwa ameshaing'oa na kuweka nyingine, aliniambia niandike: koili ya juu, nzuri baridi, hufa dakika ya thelathini, asipewe mtu.